Shajara ya Ami Haina Mama

Mie nina duka la saiba pale Kengeleni, ukishavuka daraja la Nyali ukashika njia ya Kisauni. Kazi yangu ni karatasi za watu. Napiga fotokopi, naskani, nachapa barua za kuomba kazi, nawajazia fomu za serikali wale ambao mtandao unawatoa jasho. Na mtu akishakupa karatasi zake uzitoe nakala, utajitia huzisomi lakini macho hayana pazia. Ndiyo maana nayajua mengi ya mtaa huu ambayo hakuna aliyeniambia.

Juzijuzi walikuja wanafunzi kwa makundi na kazi ya nyumbani ya aina moja: tafuta picha na habari za mtu mweusi aliyepigania haki. Nilichapa Rosa Parks na Martin Luther King mpaka wino ukaanza kufifia. Sina ugomvi nao. Rosa Parks alikataa kuinuka kitini kule Montgomery mwaka 1955, na watu weusi wa mji ule wakasusa mabasi kwa zaidi ya mwaka mzima, wakaenda kazini kwa miguu hadi mambo yakabadilika. Mtoto akilijua hilo, heri. Ila niliwauliza wale watoto kama kuna anayeijua Fuladoyo. Wakatazamana. Mmoja akaniuliza, "Kwani hiyo yacheza ligi gani, mama?"

Fuladoyo iko bara, nyuma ya Takaungu. Mwishoni mwa miaka ya 1870 watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walijikusanya huko pamoja na Wagiriama waliokuwa wameingia Ukristo, wakalima, wakajenga, wakajilinda. Hakuna manowari ya Waingereza iliyowaokoa. Walijitoa wenyewe, kwa miguu yao, usiku. Mmoja wa viongozi wao, David Koi, aliuawa mwaka 1883. Kutoka hapa dukani mpaka huko ni safari ya asubuhi kwenda na jioni kurudi, na bado Montgomery tunaijua zaidi.

Na hata hiyo Marekani yenyewe haikuwa mbali kama tunavyodhani. Bibi yangu alikuwa akisema "merikani" kwa ile nguo nyeupe ya pamba ya kushonea foronya na sanda. Mie nikidhani ni jina tu la duka la Wahindi. Kumbe pamba yake ilichumwa na watumwa weusi wa majimbo ya kusini ya Marekani, ikafumwa kwenye viwanda vya Massachusetts, ikapakiwa merikebuni Salem, ikashushwa Unguja. Kutoka Unguja na miji mingine ya pwani misafara iliibeba marobota kwa marobota kwenda bara, na huko ikanunua pembe za ndovu, na ikanunua watu. Biashara hiyo ilivurugika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka kwao mwaka 1861, pamba ikakosekana, na nguo za Bombay na Uingereza zikachukua nafasi. Kwa hivyo kuna Mmarekani mweusi aliyechuma pamba akiwa mtumwa, na nguo ya pamba ile ile ikamnunua mtu mwingine mweusi huku kwetu, na wawili hao hawakujuana hata kwa jina.

Sasa nije kwa jirani zangu.

Kengele ya Kengeleni bado ipo, imening'inia kwenye mnara wake kando ya barabara, na makanga wanaitaja kutwa wakiita abiria. Zamani ilipigwa kuwaonya watu wa Frere Town pindi wakamataji wa watumwa wanapokaribia. Frere Town yenyewe ilianzishwa na wamishonari wa CMS, chama cha Kianglikana cha Uingereza, mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliotolewa na manowari za Waingereza kwenye majahazi ya watumwa. Hayo yamo vitabuni mwa shule, mistari mitatu minne, kisha mwalimu anahamia reli.

Kilichoachwa nje ni kwamba kabla ya mzungu kuja na mpango wake, walitangulia watu weusi waliosoma. George David, William Jones na Ishmael Semler walifika Mombasa tangu mwaka 1864. Walikuwa wametekwa wangali watoto, wakatolewa baharini, wakapelekwa Bombay, na kutoka hapo kwenye kituo cha wamishonari cha Sharanpur karibu na Nasik, huko huko India. Huko vijana wa Kiafrika walifundishwa useremala, uhunzi, kusoma na kuandika. Wakaja huku wamevaa suruali, wanaongea Kiingereza na lugha za Kihindi, na hawana jamaa hata mmoja. Jaribu kufikiri: unarudishwa "kwenu" mahali ambapo hapajawahi kuwa kwenu, kwa sababu tu rangi yako yafanana na ya watu wa pale.

Mwenzao Jacob Wainwright wa Nasik ndiye aliyekuwa na kalamu wakati Livingstone, yule msafiri Mzungu, alipofariki mwezi Mei 1873 kwa Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Yeye, pamoja na akina Susi na Chuma na wengine wengi, waliukausha ule mwili, wakaufunga, wakaubeba kwa miguu miezi na miezi mpaka Bagamoyo. Wainwright akasafiri nao hadi Uingereza, na Aprili 1874 alikuwa miongoni mwa walioshika jeneza ndani ya Westminster Abbey. Mwingine wa msafara huo, Matthew Wellington, Myao ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Chengwimbe, aliishi hapa hapa Mombasa hadi mwaka 1935. Elfu moja mia tisa na thelathini na tano! Bibi yangu alikuwa msichana tayari wakati huo. Huenda walipishana Makadara yeye akienda sokoni, na asijue amempisha nani.

William Jones yeye alitembea na Askofu Hannington mwaka 1885 kwenda Uganda. Hannington akamwacha na sehemu kubwa ya msafara kwa Sundu, pale tunapopaita Mumias sasa, akasonga mbele na wachache, akauawa Busoga mwezi Oktoba. Jones akangoja, akapokea habari, akawakusanya watu na kuwarudisha pwani, njia yote ile. Askofu anatajwa katika kila somo la dini. Jones hata mtaa hajapewa.

Nisije nikaeleweka kwamba Frere Town ilikuwa peponi. Waliokombolewa walikuta amri juu ya amri: saa ya kuamka, saa ya kusali, saa ya kulima. Msimamizi mmoja, Streeter, aliwachapa viboko na kuwafunga hadi malalamiko yakafika nje na uchunguzi ukafanywa mwaka 1881. Mtu ametolewa jahazini kwa jina la uhuru, akavuliwa shati akachapwa kwa jina la adabu.

Nimeyajua mengi ya haya kwa sababu ya mteja mmoja, mwalimu mstaafu, mama wa ukoo wa misheni. Huja na bahasha ya kaki iliyokazwa kwa mpira, na hakubali nimshikie. Anatoa karatasi moja, anaiweka mwenyewe kwenye kioo cha mashine, anainyoosha pembe kwa kidole, anafunika, ndipo ananiambia, "Haya, mwanangu." Kuna cheti cha ubatizo cha babu yake ambacho kimechakaa mpaka mikunjo imegeuka matundu. Mahali pa kabila pameandikwa Yao. Mahali pa baba pana mstari tu. Amekuwa akitaka nakala nyingi kwa ajili ya wajukuu wake, kila mmoja awe na yake, kwa sababu anasema hataki wapate tabu aliyopata yeye ya kuulizwa kila ofisini, "Nyinyi ni watu wa wapi hasa?" Akiwa msichana waliitwa mateka. Kwenda dukani mateka, kwenda kisimani mateka. Nilimwuliza walikuwa wakijibu nini. Akasema, "Twajibu nini? Twachota maji twenda zetu."

Kila Mkenya wa rika langu amekua na sauti ya Leonard Mambo Mbotela redioni, na kipindi chake cha "Je, Huu ni Ungwana?" Waulize ni wangapi wanajua kwamba ukoo wake ni huu huu wa Frere Town, na kwamba James Mbotela aliandika kwa Kiswahili habari za kukombolewa kwa wazee wao, kitabu kikatoka mwaka 1934. Sauti tuliipenda. Habari yake hatukuiulizia.

Mzee Mhindi anayeniletea karatasi kwa jumla aliposikia mazungumzo yetu siku moja, akasema kwao Gujarat amewaona watu weusi wenye nywele kama zetu wakipiga ngoma waiitayo goma. Ni Wasidi, wazao wa Waafrika waliovushwa bahari zamani. Wako pia Karnataka na Hyderabad. Akashangaa nilipomwambia kwamba Malik Ambar, aliyewasumbua wafalme wa Mughal mpaka alipokufa mwaka 1626, alikuwa Mhabeshi aliyeuzwa utotoni. "Huyo twamsoma shuleni," akasema, "lakini hilo hawakusema." Basi nikaona kumbe si sisi peke yetu tunaoruka kurasa.

Haya yote yangebaki kuwa hadithi za dukani kama si posa.

Binti wa kaka yangu ameposwa. Kijana ni mhasibu, anaswali, hanywi, ana adabu hata ya kupitiliza. Kwao ni upande wa Kilifi, na ni Mwislamu baba na mama. Tatizo, kama linavyosemwa kwa sauti ya chini jikoni, ni kwamba "asili yake haijulikani". Tafsiri ya hilo pwani kila mtu anaijua: babu zake walikuwa watumwa wa mashamba. Ami yangu, mdogo wa marehemu baba, ndiye mkubwa wetu sasa, na alikuja dukani na shajara ya ukoo, yaani mti wa nasaba yetu, ili nimtolee nakala awaonyeshe wajumbe wa upande wa pili. Si kwa kujuana. Ni kwa kuwapima.

Nikaiweka kwenye kioo. Ni karatasi kubwa, imeandikwa kwa kalamu ya buluu na mkono mzuri sana, fulani bin fulani bin fulani, inapanda mpaka kwa mtu wa kwanza aliyeshuka kutoka Hadhramaut. Nimeiona tangu utotoni imetundikwa sebuleni. Lakini kwa mara ya kwanza, kwa vile nilikuwa naikuza ili isomeke, niliitazama herufi kwa herufi. Haina mwanamke hata mmoja. Wanaume wote hao wamezaana wao kwa wao.

Nikamwuliza, "Ami, mama yake babu yako alikuwa nani?"

"Alikuwa Faida."

"Bint nani?"

"Faida tu."

Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa. Mwungwana alikuwa na baba wa kutajwa. Faida, Zawadi, Mabruki, Tausi, majina kama hayo aghalabu walipewa watu walionunuliwa. Faida alikuwa suria, mtumwa aliyewekwa na bwana wake kama mke. Na kwa sheria yetu mtoto wa suria aliyezaa na bwana wake ni mtu huru na anafuata nasaba ya baba, kwa hiyo babu akaingia kwenye shajara na mama yake akabaki nje. Hapana la ajabu hapo, nyumba nyingi sana za pwani ziko hivyo hivyo. Hata Unguja, serikali ilipofuta utumwa mwaka 1897, masuria waliachwa nje ya amri ile mpaka 1909. La ajabu ni kitukuu wa Faida kukaa sebuleni akimkataa kijana kwa sababu ana bibi kama Faida.

Ami alikasirika. Akaniambia hayo ni mambo ya kale, yamepita, watu hawachimbui makaburi. Nikamwambia, kwa heshima, "Kama yamepita, Ami, kwa nini twayapigia fotokopi?"

Nikamwongezea jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote, na nalisema hapa kwa sababu nyumbani sikumaliza. Mwaka mpya wa 1889 kule Rabai, Mackenzie wa kampuni ya Waingereza aligawa hati za uhuru kwa watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa wamejificha misheni. Picha nzuri, watu na hati zao mkononi. Ila pesa zilizolipwa siku zile zilikwenda kwa mabwana. Mwaka 1907 serikali ya kikoloni ikaufuta utumwa kisheria kwenye pwani yetu, na mara hii tena, aliyekuwa na haki ya kudai fidia ni bwana, kwa hasara ya mali yake. Aliyefanya kazi maisha mazima bila ujira hakupewa hata jembe.

Kisha mwaka uliofuata, 1908, ikaja sheria ya hati za ardhi. Mwenye kuthibitisha umiliki aje aandikishwe. Nani wa kuthibitisha? Mwenye karatasi, mwenye kadhi wa kumjua, mwenye mashahidi wa kusikizwa. Aliyekuwa analima shamba lile lile tangu utumwani hakuwa na lolote kati ya hayo, na Wamijikenda wengi waliokuwa kwenye ardhi zao nao wakajikuta kando. Ndipo tunapopata maskwota wa pwani, watu ambao vijukuu vyao leo wanaambiwa wamevamia. Kila uchaguzi mwanasiasa anakuja kuwaahidi hati. Sijapata kumsikia mmoja akianza hadithi mwaka 1908.

Mwingereza akazidi kukoroga. Akawagawa watu kwenye daftari: huyu si mwenyeji, huyu ni mwenyeji, na kodi na haki zikafuata daftari. Mwarabu akawekwa upande mmoja, Mswahili upande mwingine, hata kama wamezaliwa nyumba moja. Waswahili wa Mombasa, wenye mji wao wa mamia ya miaka, wakawa wanahangaika kuthibitisha kwamba nao si wenyeji, ili wapate haki za upande ule. Shajara ikawa na bei. Kwa hivyo simlaumu Ami peke yake. Karatasi ile iliwahi kuwa na kazi kuliko kupamba ukuta. Ninachokataa ni kuendelea kuitumia leo kama mizani.

Tunapotazama habari za Marekani kwenye simu, polisi na goti lake shingoni mwa George Floyd mwaka 2020, sote twalia na kulaani, na ni haki yetu. Kijana mmoja wa hapa Kisauni alikuja kuchapisha uso wake kwenye fulana. Lakini yule yule kijana husema "nywele za kitumwa" akimtania mwenzake kwenye kinyozi, na wote wanacheka. Mama anamfungia mwanawe ndani asicheze juani, asije akawa mweusi. Bibi harusi anapakwa vitu vya kumng'arisha hadi ngozi inaungua. Haya hayakuletwa na polisi wa Minneapolis. Yalikuwepo hapa, yana historia yake hapa, na hatuwezi kuyatolea hoja kwa kumnukuu Martin Luther King.

Aibu ndiyo inayonisumbua mie. Imekaa upande usio wake. Mwalimu wangu wa bahasha ya kaki, ambaye wazee wake hawakumwibia mtu, ndiye aliyekua akiinamisha kichwa kisimani. Kijana wa Kilifi ndiye anayeulizwa asili. Hakuna anayekuja kupiga posa akaulizwa, "Nyinyi mlikuwa na watumwa wangapi, na fidia mliitumiaje?"

Nilimwambia kaka yangu hivyo hivyo. Hakunijibu, ila hakunikemea, na kwa kaka yangu hiyo ni hatua. Ami alizichukua nakala zake, akalipa, ingawa nilimwambia asilipe, akaondoka bila kuninywea chai. Posa bado haijajibiwa; wazee wamesema watakaa tena baada ya Maulidi.

Binti mwenyewe, ambaye ndiye mwenye harusi na ndiye asiyeulizwa, alikuja dukani jioni moja na daftari jipya. Anataka tuandike shajara nyingine, ya wanawake watupu. Ubavuni mwa babu ameshaandika Faida, na ameacha nafasi mbele yake. Kwa upande wa mama yangu tumefika kwa mwanamke mmoja wa Jomvu, na hapo tumekwama kidogo, kwa sababu khalati anasema jina moja na dada yake anasema jingine. Jumapili twaenda kuwakalisha pamoja.